Umeme wa bure, waya wa ghali: niliyoongea Dortmund kuhusu makampuni ya umeme ya Ulaya

Hii ni ile mada niliyoongea Jumamosi kwenye mkutano wetu wa Waswahili hapa Dortmund. Watu kadhaa wameniomba niiandike, manake waliokaa nyuma walikuwa hawasikii (spika ilikuwa inakoroma) na wengine walikuwa jikoni na pilau. Nimeiandika kama nilivyoiongea, nimetoa tu zile sehemu nilizokuwa namtania mwenyekiti.

Wazee shikamooni. Kaka zangu na dada zangu, habari za jioni.

Mwenyekiti kaniambia niongelee kazi yangu, mi nikamwambia kazi yangu haina stori, nashinda kwenye vituo vya kupoza umeme naangalia mageji na makabati ya chuma. Akasema basi tuelezee kwanini bili zinapanda wakati kila paa lina sola. Hilo swali ni zuri kuliko yeye anavyodhani, na ndo ntakalolijibu leo, ila jibu lake ni refu kidogo kwahiyo mvumilie.

Mimi nimezaliwa Hale, kule Korogwe, baba alikuwa kazini kwenye kile kituo cha umeme wa maji, kidogo tu, megawati 21, kimejengwa 1964. Nimekua nikiamini kampuni ya umeme ina kazi moja: unazungusha mtambo, unauza uniti, ukizungusha zaidi unauza zaidi, na shida pekee ni mvua ikikataa kunyesha. Afu nikaja huku nikakuta makampuni makubwa kuliko Tanesco kwa mbali yanapata hasara kwa sababu umeme umekuwa mwingi. Mwingi! Mtu wa Hale hiyo sentensi haimwingii kichwani, mimi ilinichukua kama miaka miwili.

Tuanze na majirani zetu hapa. Ukipanda treni sasa hivi nusu saa haiishi uko Essen, na Essen ndo makao ya RWE na E.ON, hizo mbili kwa Ujerumani ni kama Simba na Yanga. RWE ilianzishwa pale pale mwaka 1898. Maisha yao yalikuwa matamu: una mgodi wa makaa ya mawe, una mtambo, una nguzo na waya, na una mteja ambaye hana pa kwenda. Hata soko lilipofunguliwa 1998 mteja akaruhusiwa kuhama kampuni, wengi hawakuhama, mazoea yana tabu. Na dharau ilikuwepo. Mwaka 1993 makampuni ya umeme ya hapa yalilipia tangazo kwenye magazeti linalosema jua, maji na upepo hata baadaye sana havitaweza kutoa zaidi ya asilimia 4 ya umeme wa nchi. Mwaka 2024 ilikuwa zaidi ya nusu. Tangazo lile watu bado wanalo, wanalitoa kila harusi.

Kilichotokea katikati hapo ni sheria ya mwaka 2000. Ilisema hivi: yeyote atakayeweka sola au feni la upepo, awe mkulima, mwalimu, padri, umeme wake lazima upokelewe kwenye gridi kabla ya wa makaa, na atalipwa bei iliyopangwa kwa miaka 20. Miaka ishirini! Benki ikisikia hivyo inakukopesha bila kukuuliza maswali mengi. Wakulima wakajaza mapaa ya mabanda ya ng'ombe. Makampuni makubwa yakawa yanaangalia tu, hela ile kwao ilikuwa ndogo mno, nani ahangaike na banda la ng'ombe.

Sasa hapa nataka nikae kidogo maana ndo penye utamu wenyewe.

Soko la umeme la Ulaya linafanya kazi hivi. Kila robo saa ya kesho inauzwa leo. Wenye mitambo wanataja bei zao, soko linawapanga kuanzia wa bei ya chini kwenda juu mpaka mahitaji ya hiyo robo saa yatimie, na yule wa mwisho aliyehitajika, bei yake ndo wanayolipwa wote. Hata aliyesema atauza kwa sifuri analipwa bei ya yule wa mwisho. Mwenye sola na mwenye upepo hanunui mafuta, kwahiyo anasema sifuri, anakaa mwanzo wa foleni. Nyuma yake anakuja wa nyuklia, wa makaa, mwishoni wa gesi. Zamani saa sita mchana ndo ilikuwa saa ya mavuno, viwanda vinaunguruma, majiko yamewashwa, mahitaji yanafika mpaka kwenye mtambo wa gesi wa ghali kuliko wote, bei inaruka, na pale kila mwenye mtambo wa makaa anatengeneza faida ya siku nzima kwa masaa matatu manne. Sasa jiulizeni, jua linawaka saa ngapi? Saa hiyo hiyo! Yani sola haikuja kuchukua saa yoyote tu, ilikuja kuchukua ile ile saa iliyokuwa inalipa mishahara ya Essen. Haikuhitaji hata kuwa nyingi, kuondoa tu wale wa mwisho kwenye foleni inatosha bei kushuka kwa kila mtu.

Afu ikaja Machi 2011, Fukushima. Serikali ya Ujerumani miezi michache nyuma ilikuwa imewaongezea vinu vya nyuklia muda wa kuishi, wakashtuka, vinu 8 vikazimwa pale pale na vilivyobaki vikapewa tarehe. (Vitatu vya mwisho vilizimwa tarehe 15 Aprili 2023, mnakumbuka.) Kwahiyo makampuni yakapigwa kulia na kushoto. RWE ikatangaza hasara ya yuro bilioni 2.8 kwa mwaka 2013, haijawahi kuona hasara kwa zaidi ya miaka 60. E.ON ikaja ikavunja rekodi, bilioni 7 mwaka 2015, bilioni 16 mwaka 2016. Na hii ikatugusa hata sisi tunaoishi hapa, manake miji ya hapa Ruhr, Dortmund ikiwemo, ina hisa za RWE, gawio lilipofutwa kwa mwaka 2015 hela ambayo manispaa zilikuwa zimeshaihesabu kwenye bajeti ikawa haipo. Nawaambia ukweli, pale ndo nilijua umeme ni siasa za mtaani kabisa.

Walichofanya baadaye ndo funzo la biashara. E.ON mwishoni mwa 2014 wakatangaza tunajigawa: mitambo ya makaa na gesi tunaiweka kwenye kampuni nyingine, wakaiita Uniper, sisi tunabaki na upepo, waya na wateja. RWE nao wakajigawa kwa namna yao. Halafu 2018 wakafanya jambo ambalo mtu wa mpira angeelewa haraka: wakabadilishana wachezaji. RWE akachukua upepo na sola wa pande zote mbili, E.ON akachukua waya na wateja wa pande zote mbili. Simba kachukua washambuliaji wote, Yanga kachukua mabeki wote!

Na hapa ndo nawaletea jambo langu la leo, lishikeni hili hata kama mengine yote mtasahau. Watu wengi walisema E.ON kachukua upande unaoboa, waya, nguzo, transfoma, mita, nani anataka. Mimi nadhani E.ON aliona mbali. Umeme wenyewe unazidi kuwa rahisi, kuna saa ni bure kabisa. Kilichobaki na bei ni vitu viwili: kuufikisha pale unapotakiwa, na kuupata saa inayotakiwa. Waya na saa. Kampuni yenye waya inapangiwa na mdhibiti wa serikali faida yake kwa kila yuro iliyowekeza, mteja ndo analipa, kiwango kinajulikana, jua liwake lisiwake, na kazi ya kuwekeza haina mwisho. E.ON walipanga kuwekeza yuro bilioni 43 kati ya 2024 na 2028, na nyingi inaingia kwenye mtandao. Hiyo mwenyekiti ndo sehemu ya jibu la bili yako, kama robo ya unacholipa nyumbani ni gharama ya waya tu.

Niwape namba muone hiyo saa ninayosema. Ujerumani sasa ina sola za zaidi ya gigawati 100 (gigawati moja ni megawati 1,000). Bwawa la Nyerere kule Rufiji, tunalojivunia na tuna haki, ni megawati 2,115, kwahiyo kwa uwezo wa kwenye karatasi ni kama mabwawa 47 yako juu ya mapaa na mashambani (kwa karatasi tu jamani, usiku paneli hazitoi kitu, msije mkaniandama mtandaoni). Siku ya Jumapili yenye jua viwanda vimefungwa, nchi haiwezi kula umeme wote huo, na hapo bei inashuka chini ya sifuri, yani mzalishaji anamlipa mtu auchukue. Tarehe 2 Julai 2023, Jumapili, saa nane mchana bei ya soko ilifika yuro 500 chini ya sifuri kwa megawati-saa moja, yani uniti 1,000. Hiyo ni senti 50 kwa kila uniti unalipwa wewe ili utumie! Mwaka 2023 masaa ya namna hiyo yalikuwa 301, mwaka 2024 yakawa 457. Sasa geuza upande wa pili. Tarehe 12 Desemba 2024, hakuna upepo, hakuna jua, baridi, giza limeingia saa kumi jioni, saa kumi na moja bei ikafika yuro 936. Umeme ule ule, nchi ile ile. Tofauti ya kwenye hasi mia tano na juu kule mia tisa, hiyo ndo biashara mpya, anayeweza kuubeba umeme kutoka mchana kwenda jioni, au kutoka Julai kwenda Desemba (hilo la pili bado hakuna anayeliweza kwa bei ya maana), huyo ndo tajiri.

Kwa mchana kwenda jioni jibu ni betri, na hapo mambo yamekuwa kama mbio za dhahabu. Wenye gridi kubwa za hapa mwanzoni mwa 2025 walikuwa wamepokea maombi ya kuunganisha betri za zaidi ya gigawati 200, nchi yenyewe ikitumia sana haivuki 80 hivi. Nyingi hazitajengwa, mtu anaomba sehemu tano akitegemea kupata moja. Lakini angalieni wanaojenga kweli wanajenga wapi. RWE wameweka betri Hamm, hapa karibu tu, na Neurath, jumla megawati 220, zote kwenye viwanja vya mitambo yao ya umeme. Kwanini pale? Kwa sababu waya mnene upo tayari. Mtambo wa makaa ukifa, kinachobaki na thamani ni ile plagi yake ukutani. Mi naona hilo linachekesha sana, miaka mia moja mnachimba makaa kumbe mali ni plagi.

Sasa waya wenyewe. Upepo uko kaskazini, baharini, viwanda vya magari viko kusini, Bavaria na Stuttgart. Kwahiyo wakasema tujenge njia moja kubwa kutoka kaskazini mpaka kusini, SuedLink, kilomita kama 700, gigawati 4. Ilitakiwa iwake 2022. Watu wa Bavaria wakasema hatutaki manguzo kwenye milima yetu, wakaandamana, 2015 ikaamuliwa basi waya uzikwe chini, plani ikaanza upya kabisa, kila shamba, kila mti, kila popo. Sasa wanasema mwisho wa 2028. Katikati hapo kinachofanyika kitawashangaza: upepo ukivuma sana kaskazini na waya ukijaa, mwenye gridi anaamrisha mafeni yazimwe kule, na wakati huo huo anawasha mitambo ya makaa au gesi kusini, na wote wawili wanalipwa, aliyezimwa na aliyewashwa. Mwaka 2022 shughuli hiyo na ndugu zake iligharimu zaidi ya yuro bilioni 4. Nani kalipa? Jiangalie kwenye bili.

Uholanzi hali ni mbaya zaidi kwa upande huo. Kule gridi imejaa kabisa, maelfu ya makampuni yako kwenye foleni ya kuomba umeme, unajenga kiwanda cha mikate unaambiwa subiri miaka. Nchi tajiri namna ile! Sisi tulizoea kuomba nguzo Tanesco na kusubiri, tukadhani ni sisi tu. Mafundi wa gridi kule wanagombewa kama wachezaji, na transfoma kubwa ukiagiza leo hesabu ya kuipata ni ya miaka, sio miezi. Vijana mliopo hapa, hiyo sentensi ya mafundi muisikie mara mbili.

Nigusie Uniper kidogo maana nimewaacha njiani. Hawa ndo waliopewa mitambo ya zamani na biashara ya gesi ya Urusi. Wote walisema masikini, kapewa makapi. Miaka michache kumbe wakawa wanafanya vizuri, mpaka 2022. Uniper alikuwa amewaahidi wateja, hasa makampuni ya manispaa, gesi kwa bei ya mkataba, na yeye anaitegemea Gazprom ya Urusi. Bomba likapunguzwa Juni, mwisho wa Agosti likafungwa, na kwenye soko gesi iliyozoeleka kuwa kama yuro 20 kwa megawati-saa imevuka 300. Ahadi ni ahadi, akawa ananunua mia tatu anauza ishirini, kila siku. Miezi tisa ya kwanza ya mwaka ule hasara ikafika kama yuro bilioni 40. Serikali ikaichukua, karibu asilimia 99 ya hisa, Desemba 2022. Mwezi huo huo kule Wilhelmshaven wakafungua kituo cha kupokea gesi ya meli, kilichojengwa kwa miezi isiyofika kumi. Mjerumani ambaye ametumia miaka kumi kubishania waya, amejenga bandari ya gesi chini ya miezi kumi. Wanaweza wakitaka, na mimi tangu siku ile nikiambiwa kibali kinachukua miaka nane nanyamaza tu namwangalia mtu.

Wadenmark wana stori nzuri na yenye machozi. Kulikuwa na kampuni inaitwa DONG, hayo ni maneno ya mafuta na gesi ya Denmark. Shamba la kwanza la mafeni baharini lilikuja kuwa la kwao, Vindeby, 1991, mafeni 11, yote pamoja kama megawati 5, hayafiki hata robo ya kituo chetu cha Hale. Mwaka 2009 wakasema tutageuka, kutoka asilimia 85 makaa na mafuta tuwe asilimia 85 safi. Wakageuka kweli na mapema kuliko walivyopanga, 2017 wakauza visima vyote vya mafuta na kubadilisha jina, Ørsted, jina la yule mwanasayansi wao wa 1820 aliyeona dira inacheza karibu na waya wenye umeme. Kule Hornsea, bahari ya Uingereza, walimaliza 2022 shamba la mafeni 165, gigawati 1.3. Kila mkutano wanatajwa wao. Halafu riba zikapanda. Mfahamu kitu hiki: mtambo wa gesi unalipia mafuta kidogo kidogo, feni la baharini unalipia yote siku ya kwanza kwa mkopo, kwahiyo riba ndo mafuta yake. Riba ikitoka asilimia moja kwenda nne ni sawasawa na bei ya gesi kupanda. Novemba 2023 wakafuta miradi miwili mikubwa Marekani, hisa zikaporomoka kama robo kwa siku moja, na 2025 baada ya siasa za Marekani kuwakaba wakarudi kwa wenye hisa kuomba kroner bilioni 60. Mtu aliyefanya kila kitu alichoambiwa ni sahihi! Mi hapo huwa sina jibu la kupendeza, biashara ya upepo ni biashara ya benki, basi.

Ufaransa nitapita mbio. Wao wana nyuklia, 2022 vinu vingi vikakutwa na nyufa za kutu kwenye mabomba, vikazimwa wakati mbaya kuliko wote, kampuni yao EDF ikapata hasara ya karibu yuro bilioni 18 na sasa ni ya serikali kabisa. Kinu kipya cha Flamanville kimeingia kwenye gridi Desemba 2024, miaka 12 ya kuchelewa. Wanaosema nyuklia ingetuokoa, sawa, ila waje na hiyo kalenda mkononi.

Hispania ndo nataka tuiangalie vizuri kwa sababu mlinipigia simu wengi siku ile. Tarehe 28 Aprili 2025, saa sita na dakika 33 mchana, Hispania na Ureno nzima giza. Treni zimesimama, taa za barabarani, mashine za pesa, watu kama milioni 60. Na palepale mitandaoni, sola imeua gridi! Taratibu. Kilichoonekana kwenye uchunguzi ni kwamba msongo wa umeme (volti) ulipanda juu kuliko kawaida, mitambo ikaanza kujitoa yenyewe kujilinda, kila mmoja akijitoa msongo unapanda tena, anajitoa mwingine, ndani ya sekunde chache kwisha. Kazi ya kuubana msongo ilikuwa imeachiwa mitambo ya kizamani, na iliyokuwa zamu siku ile haikuubana vya kutosha, na zile sola na mafeni sheria haikuwa imewaruhusu wala kuwataka waifanye hiyo kazi ingawa vifaa vyao vinaweza. Ni kama una vijana kumi nyumbani wenye nguvu na ndoo ya maji unamtuma babu. Hapo kwa kampuni kuna biashara tena: kuuza utulivu wa gridi. Betri zenye vifaa vya kisasa zinafanya, na kuna mashine kubwa zinazunguka tu bila kuzalisha chochote, kazi yake ni kuushika msongo na zile hezi 50, yani mapigo 50 ya umeme kwa sekunde. Mtu analipwa kwa kuzungusha chuma, haki ya Mungu, na ni kazi ya maana.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. La mwisho, mita.

Sisi Tanzania tumekuwa na LUKU tangu miaka ya tisini. Unanunua uniti, unabonyeza namba, unaona zimebaki ngapi. Mimi hapa Ujerumani, fundi wa umeme, nyumbani kwangu nina mita nyeusi yenye kisahani kinachozunguka, ile ya kwenye makumbusho. Nikaomba mita ya kisasa kutoka kampuni moja, jina silitaji. Barua ya kwanza ikaja baada ya wiki sita, na ni barua ya karatasi. Fundi akaja mara ya kwanza hana ufunguo wa chini, mara ya pili hakuja, mara ya tatu akafungua kabati akaangalia, akasema kabati ni dogo, mita haiingii, mwenye nyumba abadilishe kabati. Mwenye nyumba ana miaka 81. Mita yangu inazunguka mpaka leo.

Nacheka lakini hilo ndo tatizo lenyewe. Bei kwenye soko inapanda na kushuka kila robo saa, mchana bure jioni moto, na mwenye mashine ya kufua hajui chochote, anaona namba moja mwaka mzima. Watu wenyewe wameshatangulia, kuna zaidi ya milioni moja ya zile sola ndogo za kuning'iniza kwenye baranda zimesajiliwa nchi hii, mnaziona. Uingereza kuna kampuni kama Octopus, imeanza juzi tu mwaka 2015, imekuwa kubwa kwa kumwambia mteja chaji gari saa nane usiku ntakuuzia nusu bei, na kompyuta inachaji yenyewe. Wakati huo huo kule kule makampuni kama 30 ya kuuza umeme yalikufa 2021 na 2022 kwa sababu yaliahidi bei bila kuwa na akiba wala mkataba wa kununulia, ugonjwa ule ule wa Uniper kwa sufuria ndogo.

Nimeishia hapo. Maswali yalikuwa mengi, ntaandika mawili.

Kijana mmoja wa chuo kaniuliza kaka nisome nini, nishati jadidifu au nini. Nikamwambia soma umeme mkubwa, ulinzi wa gridi, zile rilei zinazoamua kukata au kutokukata, na ujifunze Kijerumani cha saiti, cha matusi kidogo. Paneli anafunga mtu yeyote baada ya kozi ya wiki mbili, ila wa kuseti rilei kwenye kituo cha kupoza umeme hapatikani, kitengo chetu kina nafasi ziko wazi tangu mwaka jana.

Afu mama mmoja aliyekaa mbele, wa Mombasa, akasema, mwanangu, nimesikia toka Januari 2025 kila kampuni yalazimishwa kukupa mkataba wa bei ya kupandashuka, ni kweli? Nikamwambia kweli mama. Je nichukue? Nikamuuliza una gari la umeme? Sina. Nyumba unapasha kwa pampu ya umeme? Gesi. Una mita ya kisasa? Akacheka, akasema ni kama hiyo yako, yazunguka. Basi mama usichukue, huo mkataba bila mita ya kisasa haufanyi kazi, na kwa kupika na kufua tu faida ni ya kununulia soda.

Akafikiri kidogo. Lakini sasa nikifua saa saba mchana, hilo jua lote, haisaidii?

Nikamwambia gridi itakushukuru sana mama, ila kwa mkataba ulionao fua saa yoyote, bei ni ile ile.